Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kilimo, nishati na viwanda: mafuta ya hempu yaje mwisho

Waheshimiwa, salaam.

Popote hempu inaporuhusiwa kulimwa, haichukui muda mrefu andiko la kiwanda cha ethanoli, pombe ya kuchanganywa na petroli, kutua mezani kwenu. Huja na picha ya shamba la kijani, mchoro wa matangi yanayong'aa, na hesabu inayozidisha hekta kwa lita mpaka msomaji aone petroli haina kazi tena. Sisi tunaoandika ni wahandisi wa mitambo, wakemia na wataalamu wa mazao ya nyuzi. Tunaipenda hempu, na ndiyo maana tunawaomba msitie saini andiko la namna hiyo. Limeanza na kitu ambacho kingepaswa kuja mwisho.

Tuelewane kwanza tunazungumzia mmea gani. Hempu ni Cannabis sativa, ndugu wa damu wa bangi, ila mbegu zake zimechaguliwa miaka mingi hadi kilevi chake, THC, kikashuka chini ya kiwango cha sheria. Marekani iliweka asilimia 0.3 ya uzito mkavu katika sheria yake ya kilimo ya 2018. Umoja wa Ulaya ulikuwa kwenye 0.2, ukapanda hadi 0.3 kuanzia 2023. Mkonge ni mmea mwingine kabisa, ingawa nyuzi za yote miwili huitwa katani. Mashine nazo ni mbali mbali: ya mkonge hukwangua jani bichi kwa maji, wakati hempu inataka bua kavu livunjwevunjwe. Kuna maandiko yamekosea hata hapo.

Shamba la nyuzi lililotunzwa hutoa tani 5 hadi 10 za mabua makavu kwa hekta. Shamba la mbegu hutoa kilo 500 hadi 1,500 za mbegu. Mkikuta mtu amejumlisha mavuno ya juu ya yote mawili kwenye hekta ile ile, mwulizeni amevuna lini. Nyuzi nzuri huvunwa madume yanapoanza kutoa chavua, na wakati huo jike halijabeba mbegu iliyokomaa. Mbegu ikishakomaa, bua nalo limekuwa gumu kama fito.

Bua lenyewe ni vitu viwili vilivyogandana. Nje kuna ganda lenye nyuzi ndefu, asilimia 25 hadi 35 ya uzito. Ndani kuna kiini chepesi cha mtimti, ambacho kikivunjwa tunakiita chenga. Ganda ni selulosi, yaani minyororo ya sukari, kwa sehemu kubwa, na lignini yake, gundi ngumu ya mti, huwa kati ya asilimia 3 na 8 tu. Chenga zina selulosi asilimia 40 hadi 48, hemiselulosi 18 hadi 25, na lignini inayozunguka 20 na kupita. Kwa hiyo anayetaka sukari ya kutengeneza pombe ana njia mbili: atumie nyuzi, ambazo soko lake ni bora kuliko la mafuta, au atumie chenga, ambazo zimekazwa na lignini. Maandiko mengi hayasemi ni ipi kati ya hizo.

Tuchukue chenga, tani 1 kavu, yenye kilo 440 za selulosi. Selulosi ikivunjwa inabeba maji na kuwa glukosi, kwa hiyo unazidisha kwa 1.11 na kupata kilo 488. Hayo ni ya kwenye karatasi. Kiwandani, ukipata asilimia 75 umefanya vizuri, yaani kilo 366. Hamira hubadilisha kila kilo ya glukosi kuwa gramu 511 za ethanoli ikiwa haipotezi kitu, na kwa ufanisi wa asilimia 90 unabaki na kilo 168, ambazo ni lita 213. Andiko linaloahidi lita 400 kwa tani limehesabu hemiselulosi pia, tena kwa ufanisi wa juu kuliko huo. Hamira ya kawaida haiwezi kula zailosi, sukari kuu ya hemiselulosi. Zipo hamira zilizobadilishwa zinazoweza, lakini ni za polepole na huchoka haraka kwenye tope chafu.

Kufikia hizo lita 213 kuna safari. Chenga husagwa, kisha huandaliwa ama kwa asidi ya sulfuriki ya asilimia 0.5 hadi 2 kwenye nyuzijoto 160 hadi 180, ama kwa mvuke wa nyuzijoto 180 hadi 220 unaoachiliwa ghafla ili upasue kuta za seli. Joto likipungua, vimeng'enya, protini zinazokata selulosi kuwa sukari, havipati pa kuingilia. Likizidi, sukari inaungua na kuwa furfurali na jamaa zake, sumu inayoilaza hamira siku nzima kabla haijaanza kazi. Asidi nayo lazima izimwe. Kwa tope lenye sehemu 1 ya chenga na sehemu 3 za maji ya asidi ya asilimia 1, kila tani ya chenga inakula kilo 30 za asidi, na chokaa ikiizima inaacha zaidi ya kilo 50 za jasi. Jasi hiyo hupenda kuganda palipo na joto, yaani kwenye sahani za mnara wa kukenekea, unaotenga pombe na maji kwa kuchemsha, na kwenye mabomba ya vibadilisha joto, na kuiondoa ni kazi ya patasi.

Baada ya hapo vimeng'enya hufanya kazi saa 48 hadi 72 kwenye nyuzijoto 50 na pH ya karibu 5. Kwa kipimo cha wastani cha miligramu 15 za protini kwa kila gramu ya selulosi, tani moja ya chenga inataka kilo 6.6 za protini ya kimeng'enya. Ukigawa kwa lita 213 ni gramu 31 kwa kila lita ya ethanoli. Waulizeni wenye mradi bei ya gramu hizo 31. Swali hilo moja limewahi kunyamazisha vikao.

Halafu kuna maji. Tope la chenga likizidi yabisi asilimia 18 hadi 20 haligeuziki tena. Linakuwa kama ugali uliokaza. Kwa kiwango hicho pombe inayotoka ni asilimia 3 hadi 4 kwa uzito. Chini ya hapo mvuke wa kukeneka hupanda kwa kasi, kwa sababu unachemsha maji mengi kutafuta pombe kidogo. Na mnara ukifika asilimia 95.6 unagota: mchanganyiko huo wa pombe na maji huchemka pamoja, na kinachobaki lazima kinyonywe na chujio la molekuli ndipo ethanoli ifae kuchanganywa na petroli.

Hatusemi haya kwa chuki ya teknolojia. Kemia yake inajulikana, na lignini inayobaki inatosha kuwasha boila la kiwanda. Tatizo ni ukubwa na malighafi. DuPont ilifungua kiwanda huko Nevada, Iowa, mwaka 2015 cha kutumia mabua ya mahindi, chenye uwezo wa zaidi ya lita milioni 110 kwa mwaka, na 2017 ikatangaza kuachana nacho. Kiwanda cha Abengoa cha Hugoton, Kansas, kilifunguliwa 2014 na kikadumu kama mwaka mmoja tu. Cha Crescentino nchini Italia kilifunguliwa 2013, kikasimama 2017, kikaja kuwashwa tena na mwenye mali mwingine. Clariant ilijenga Podari nchini Romania kwa tani 50,000 za ethanoli kwa mwaka na ikatangaza kukifunga Desemba 2023. Hao walikuwa na mtaji na wanasayansi, baadhi yao hata vimeng'enya vyao wenyewe, na walitumia hasa mabua na majani makavu ya nafaka, ambayo hayana nyuzi ndefu za kuwatesa.

Nyuzi hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Chenga huingia kwenye chombo cha mvuke kupitia skrubu inayozikandamiza hadi ziwe kizibo, na kizibo hicho ndicho kinachozuia mvuke wa baa 10 usirudi nyuma. Nyuzi zikibaki ndani ya chenga, hata asilimia chache, hujisokota kwenye mhimili wa skrubu na kuwa kamba. Kamba inakaza, mota inavuta umeme kupita kiasi, swichi inajikata. Kizibo kilichosimama kinakauka, kinatoboka, mvuke unarudi kwenye tangi la kulishia. Mafundi wanasubiri mfumo upoe, wanafungua, wanakata kamba kwa kisu na msumeno. Mchanga uliotoka shambani nao unakuwa umelamba kingo za skrubu, kwa hiyo kizibo kijacho kinakuwa dhaifu zaidi. Hiyo ni sehemu moja tu ya kiwanda, na ndiyo inayoamua kama kinafanya kazi saa 7,000 kwa mwaka au 2,000.

Dizeli ya mbegu tutaimaliza upesi. Mbegu ina mafuta asilimia 28 hadi 35. Tani 1 ya mbegu kwa hekta inatoa kilo 300 hivi, sawa na lita 325. Kuyageuza kuwa dizeli si kazi ngumu: kwa kila lita 100 za mafuta, lita 25 za methanoli na gramu 900 za hidroksidi ya potasiamu, nyuzijoto 55 hadi 60, saa moja ya kukoroga, kisha unaacha gliserini itue, unamwaga, unaosha, unakausha. Mafuta yakiwa na maji au asidi huru, unapata sabuni. Kila asilimia 1 ya asidi huru katika kilo 100 za mafuta inameza gramu 200 za ile hidroksidi kabla kazi haijaanza. Lakini kikwazo kikubwa kimo ndani ya mafuta yenyewe. Kiwango cha Ulaya cha dizeli ya mimea, EN 14214, kinataka thamani ya iodini, kipimo cha jinsi mafuta yanavyoshika hewa kwa urahisi, isizidi 120 na asidi ya linoleniki isizidi asilimia 12. Mafuta ya hempu yana iodini karibu 160 na linoleniki inayozunguka 18. Yakiwa peke yake hushika hewa, hugeuka utando wa gundi kwenye vipulizia mafuta, na yakivuja hadi kwenye oili ya injini huifanya nzito. Ukiyachanganya na mafuta yaliyoshiba kama ya mawese, sehemu 63 za hempu kwa 37 za mawese, unapita vipimo hivyo viwili kwa shida, na bado utahitaji dawa ya kuzuia kuoza ili kufikia saa 8 za uimara. Mafuta hayo hayo yanaliwa, na makapi yanayobaki baada ya kukamua yana protini asilimia 30 au zaidi kwa mifugo. Tunaomba msitoe ruzuku hata ya lita moja kuyachoma.

Sasa tuje kwenye kile tunachotaka mkifanye.

Pesa ya umma iende kwanza kwenye kuvuna, kukausha, kuhifadhi na kuchakata mabua. Hapo ndipo zao hili linapofia, na hapo ndipo wawekezaji hawapendi kwenda kwa sababu hapapendezi kwenye picha.

Anzeni na mbegu. Hempu huhesabu urefu wa siku. Aina nyingi za nchi za baridi hutoa maua siku inapopungua chini ya saa 14 hivi. Ukizipanda karibu na ikweta, ambako siku ni saa 12 mwaka mzima, zinatoa maua zikiwa changa na mkulima anavuna bua la kiunoni badala ya mita 3. Kibali cha kuingiza mbegu kiambatane na jaribio la msimu katika latitudo ile ile, si na cheti cha nchi ilikotoka tu.

Baada ya kukatwa, mabua hulazwa shambani wiki 2 hadi 6 ili umande na kuvu viozeshe pektini, gundi inayogandisha nyuzi na kiini. Hatua hii haina mtambo wala mota, na ndiyo inayoharibika kuliko zote. Ofisa ugani anaweza kuipima kwa mikono mitupu: achukue mabua 10 kutoka sehemu mbali mbali za shamba, ayavunje katikati, avute ganda. Likitoka kama utepe toka mwanzo hadi mwisho bila kubeba vipande vya mti, na rangi imetoka kijani kuwa kijivu chenye madoadoa meusi, limeiva. Likikatika kila sentimita kumi kwa kuvutwa kidogo, limepitiliza na nyuzi zimeoza. Likiwa bado la kijani na ganda limeng'ang'ania, hakuna kuvu aliyefanya kazi, jambo la kawaida palipo na jua kali bila umande: bua linakauka tu. Mahali pa namna hiyo mpango wa kuozesha kwa umande usikubaliwe. Kuloweka kwenye bwawa kunawezekana, siku 7 hadi 14, lakini maji yanayotoka yananuka, hayana oksijeni na huua samaki. Asiye na mfumo wa kuyasafisha asiruhusiwe kuyamwaga mtoni.

Robota lifungwe likiwa na unyevu chini ya asilimia 15. Kwenye 20 linaanza kuchemka lenyewe kwa ndani. Ghala liwe na fimbo ya kupima joto, na vipimo viandikwe kila siku katika wiki za mwanzo: nyuzijoto 55 ni onyo, 70 ni hatari, na kwenye 70 mtu asifumue rundo bila maji na wazima moto kuwa tayari, kwa sababu hewa inayoingia ndiyo inayowasha. Kamba ya kufungia nayo ina maneno. Kamba ya plastiki ikikatika na kuingia kwenye mashine huchambuka kuwa nyuzi laini zisizotofautika na hempu. Haishiki rangi, inayeyuka kwenye pasi, na haitoki tena. Wakulima wafunge kwa kamba ya mkonge au ya hempu yenyewe, na jambo hilo liandikwe kwenye kiwango cha ubora wa robota.

Mashine ya kuchakata ina rola zenye meno zinazovunja kiini, au kinu cha nyundo, kisha machujio yanayokung'uta chenga na kuacha nyuzi. Robota lililoiva vizuri hutoa, kwa kila tani, takriban kilo 280 za nyuzi, kilo 570 za chenga na kilo 150 za vumbi. Mtambo wa tani 4 kwa saa ukifanya kazi saa 2,500 kwa mwaka unakula tani 10,000, ambazo kwa tani 7 za hekta zinataka hekta zisizopungua 1,430. Hizo zisitawanyike. Robota lina uzito wa kilo 150 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo lori la mita za ujazo 90 linajaa likiwa na tani 13 na nusu tu, na sehemu kubwa ya mzigo ni hewa. Zaidi ya kilomita 50 faida inaishia barabarani. Na kwa kuwa mavuno huja kwa wiki chache ilhali mtambo hufanya kazi mwaka mzima, mtahitaji paa: tani 10,000 ni mita za ujazo 66,700 za marobota, na ukiyapanga kwa kimo cha mita 5 ni zaidi ya mita za mraba 13,000. Tafuteni paa hilo kwenye bajeti mtakayoletewa.

Kabla ya rola pawe na sumaku na mtego wa mawe. Jiwe moja likigonga nyundo linatoa cheche, na hewa ya mle ndani imejaa vumbi linalolipuka. Mifereji ya kufyonza vumbi iwe na milango ya kupasukia inayoelekea nje, vyuma vyote viunganishwe na ardhi. Vumbi hilo hilo ndilo linaloleta bisinosisi, ugonjwa wa mapafu unaojulikana toka zamani kwenye viwanda vya pamba na hempu: kifua hubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko na kuachia kadiri wiki inavyokwenda, mpaka siku moja hakiachii. Mkaguzi wa afya kazini awe na kipimo cha vumbi, asitegemee macho.

Nyuzi zina wanunuzi wanaoeleweka: karatasi maalumu, mikeka ya kuzuia joto, vibao vya ndani ya magari, kamba. Chenga hunyonya maji mara 3 hadi 4 ya uzito wake, kwa hiyo ni matandiko mazuri ya mifugo, na hilo ni soko lisilohitaji utafiti wowote. Soko la pili ni zege la hempu. Kwa mita moja ya ujazo ya ukuta tunatumia kilo 110 za chenga, kilo 220 za chokaa ya kuunganishia na lita 330 hivi za maji. Ukuta mkavu unakuwa na kilo 350 hadi 400 kwa mita ya ujazo na huzuia joto vizuri, lakini nguvu yake haifiki megapaskali 1, hivyo haubebi paa. Fremu ya mbao au zege la kawaida ndiyo inayobeba. Kanuni za ujenzi ziseme hivyo waziwazi kabla mtu hajaangukiwa na nyumba. Kosa linalojirudia ni chenga zenye vumbi: vumbi linanyonya maji kabla ya chokaa, chokaa inabaki unga, na ukuta unaukwangua kwa kucha. Tunapendekeza kiwango cha chenga za ujenzi kiwe vipande vya milimita 5 hadi 25 na vumbi lisizidi asilimia 2. Kosa la pili ni haraka: lipu ikipigwa kabla ukuta haujakauka, kazi ya wiki nyingi, unyevu unafungiwa ndani na kuvu inaota.

Ni baada ya yote haya ndipo nishati inapoingia, kwa sababu sasa kuna kitu ambacho hakuna anayekitaka: vumbi, chenga fupi, majani, mabua yaliyopitiliza kuiva. Kwa mtambo wetu wa tani 10,000, vumbi peke yake ni tani 1,500 kwa mwaka. Kwa megajuli 15 kwa kilo na boila la ufanisi wa asilimia 85, ni joto la karibu megawati-saa 5,300, na halijaongeza hata safari moja ya lori.

Njia rahisi ni peleti au briketi, yaani taka zilizoshindiliwa ziwe kuni. Unyevu uwe asilimia 10 hadi 12: ukipungua, peleti inavunjika, ukizidi, mvuke unaipasua ikitoka kwenye tundu. Ujazo unapungua sana, kutoka kilo 100 hivi kwa mita ya ujazo hadi 600 na zaidi, na sasa inasafirishika. Angalizo ni potasiamu na klorini. Bua lililokatwa bichi na kuchomwa hutoa majivu yanayoyeyuka na kuwa kama kioo kwenye wavu wa boila, huku klorini ikila mabomba. Mvua iliyoosha mabua wakati wa kuozesha huondoa sehemu kubwa ya chumvi hizo, kwa hiyo ile kazi ya umande inalipa mara mbili.

Bayogesi inafaa majani, mabua ya kijani na mazao yaliyoharibika. Tani 1 ya yabisi hai ya hempu, yaani mmea mkavu ukitoa majivu, hutoa mita za ujazo 220 hadi 280 za methani, kila mita ikiwa na kilowati-saa 10 hivi. Kama hekta nzima ya tani 9 za yabisi hai ikiingia kwenye tangi, tunazungumzia kilowati-saa 20,000 na zaidi. Chenga za hekta ya tani 7 za mabua, zikifanywa ethanoli, ni karibu 5,000 tu, na mafuta ya tani 1 ya mbegu ni karibu 3,000. Ulinganisho huu una dosari, maana tangi la gesi limekula mmea mzima, lakini unaonyesha ni wapi lita zinazoahidiwa zinapotelea. Mmea ukatwe vipande chini ya sentimita 2, la sivyo nyuzi zitafunga pangaboi la kukorogea kama zilivyofunga ile skrubu. Uchanganywe na samadi, ulishwe kilo 2 hadi 3 za yabisi hai kwa mita ya ujazo kwa siku, nyuzijoto 37 hadi 40, na ukae siku 40 au zaidi. Tangi likilishwa kwa pupa, asidi hupanda kabla pH haijaonyesha kitu. Mwendeshaji apime uwiano wa asidi na uwezo wa kuizima, akiona unapita 0.4 apunguze chakula siku hiyo hiyo.

Bayocha, mkaa wa kuchanganya na udongo, hutengenezwa kwa kuchoma bila hewa kwenye nyuzijoto 450 hadi 550, na theluthi au robo ya uzito mkavu hubaki. Izimwe kwa maji na ilale wazi usiku kucha. Iliyofungwa kwenye gunia ikiwa na uvuguvugu huwaka yenyewe alfajiri. Ama mafuta meusi yanayopatikana kwa kuchoma haraka, yale yanayouzwa kwenu kama mafuta ghafi ya kijani, yana maji asilimia 20 hadi 30, ni makali kama siki, hayachanganyiki na dizeli na yanazidi kuwa mazito tangini. Yanafaa kuchomwa kwenye tanuri lenye vyuma visivyoshika kutu. Asiwepo wa kuyaita petroli.

Kuna jambo moja la sheria linalotupotezea malighafi nyingi. THC hupimwa kwenye maua, na jumla yake ni THC pamoja na THCA, asidi inayogeuka THC ikipashwa joto, mara 0.877. Mabua hayana ya kutaja. Hata hivyo shamba likipima 0.4 pahali ambapo mpaka ni 0.3, sheria nyingi zinaamuru zao zima lichomwe. Marekani katika kanuni zake za 2021 iliruhusu maua yaondolewe na kuharibiwa, au mmea wote usagwe na kupimwa upya. Wekeni njia hiyo, muongeze na kosa la kipimo cha maabara liandikwe kwenye cheti, ili 0.32 isiwe hukumu. Kwa upande mwingine msilegeze kwenye udongo: hempu hufyonza kadimiamu na metali nyingine nzito. Iliyolimwa kwenye ardhi ya migodi isikamuliwe mafuta ya kula, na majivu yake yasirudishwe shambani.

Kwa mwenye andiko la ethanoli ambaye bado yuko ofisini kwenu akisubiri saini, mwombeni karatasi tatu. Ya kwanza ni mizani ya uzito kwa tani 1 ya robota, kuanzia lori hadi pipa, ikionyesha nyuzi zimekwenda wapi na nani kazinunua. Ya pili ni mizani ya mvuke na vimeng'enya kwa kila lita. Ya tatu ni daftari la mashine: saa 200 mfululizo za skrubu ikilishwa hempu, si mabua ya ngano, pamoja na saa na dakika ya kila iliposimama, na mfuko wa kile kilichokatwa kwenye mhimili.

Wenu katika kazi,
Wahandisi, wakemia na wataalamu wa mazao ya nyuzi